Mizani ya Rangi



Mwaka 2005 mwandishi wa Kimarekani, Scott Westerfeld, alitoa riwaya ya vijana iitwayo Uglies, yaani "Wenye Sura Mbaya". Yasimulia mji wa zama zijazo ambamo kila kijana afikapo miaka 16 hupasuliwa, apewe sura nzuri kama za wenziwe. Kabla ya hapo huitwa mbaya. Baadaye hubainika kuwa katika kupasuliwa huko hata ubongo hutiwa kasoro, ili watu wawe watiifu wasiouliza neno. Mwaka 2024 riwaya hiyo ilifanywa filamu. Ajabu ni kuwa huyo binti aitwaye mbaya aliigizwa na msichana mzuri! Hata wenye kuikemea mizani hiyo waliogopa kutuonyesha uso wa kawaida.

Wazee wenzangu, tusiwacheke. Mji ule umo majumbani mwetu, tangu Pwani mpaka huku Kingolwira, na wala hatuna serikali inayotulazimisha. Mtoto akizaliwa twamtazama masikio, tujue rangi atakayokuwa nayo. Kijana akitaka kuposa, ndugu zake huuliza kwanza, "Binti ni mweupe?" Dini na tabia huulizwa baadaye. Kisha binti yule yule akijipaka mkorogo, twamlaani! Ni nani aliyemfundisha kuichukia ngozi yake kama si sisi?

Na mkorogo, kama upasuaji wa riwaya ile, una madhara yaliyofichika. Krimu nyingine hutiwa zebaki, nayo hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliyataka mataifa yakomeshe vipodozi vya namna hiyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mtume (S.A.W.) alipoifungua Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, alimwamuru Bilal, Mhabeshi mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, apande juu ya Al-Kaaba aadhini. Wakubwa wa Kikureshi walichukia, lakini Bilal hakushushwa.

Basi, ewe baba, nawe mama, anza na ulimi wako. Usimwite mwanao "mweusi tii" mbele ya nduguze, wala usimtafutie mke kwa rangi. Mkorogo utakosa wanunuzi dukani siku ile weupe utakapokosa wenye kuusifu nyumbani.

Wabillahi tawfiq.