UFUNDI WA NYUMBANI: Rili Kuukuu na Fedha Kidogo

Samaki aitwaye trauti si wa asili ya Kenya. Mayai yake ya kwanza yaliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan kutoka Loch Leven, huko Uskoti, yakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Samaki wakastawi, wakapelekwa katika mito mingine ya baridi iteremkayo kutoka Nyandarua na Mlima Kenya. Pamoja na samaki hao wakaja wavuvi wa mchezo, na pamoja na wavuvi zikaja fimbo nyembamba na vile vigurudumu vya kukunjia mshipi viitwavyo rili. Wengi wa wavuvi wale wamekwisha kwenda zao, lakini rili zao zimebaki. Nyingine huonekana minadani, nyingine zimelala masandukuni chini ya vitanda, zimeshikwa na kutu.

Rili moja ya namna hiyo ilikuwa nyumbani kwa karani mmoja wa Nyeri. Marehemu baba yake alikuwa akiwachukulia wavuvi mizigo yao kandokando ya mto Thego, na mwaka 1963 mvuvi mmoja aliyekuwa akirejea Uingereza akamwachia fimbo na rili. Mzee alivitumia kwa miaka mingi. Alipofariki, fimbo iliwekwa darini na rili ikatiwa sandukuni, ikakaa humo hata ikawa haizunguki kabisa. Siku moja mtoto wa karani, kijana wa miaka 12, aliikuta akauliza ni kitu gani. Karani alieleza, lakini aliona kwamba maneno hayatoshi; hapana budi kijana aione mtoni ikifanya kazi yake.

Shida ilikuwa fedha, kwa maana muhula wa shule ulikuwa karibu. Karani na mkewe wakapatana kwamba matengenezo yote yasipite bei ya debe moja la mahindi, na kila senti iandikwe daftarini. Leseni ya kuvulia trauti, ambayo sheria yaidai, ilihesabiwa mbali.

Kwanza Ujuzi, Kisha Bisibisi

Rili ya kuvulia trauti si mashine ya kutisha. Ina nyumba yake, ambayo ni fremu ya nje. Ina kigoma, ambacho mshipi huzungushwa juu yake. Ina mhimili wa chuma katikati. Na ina mkono wa kuzungushia. Ndani yake mna gurudumu dogo lenye meno, na kilimi kinachosukumwa na springi kiguse meno hayo. Hicho kilimi ndicho hutoa ile sauti ya "krrr" ambayo mvuvi huipenda. Lakini kazi yake si sauti tu. Samaki akivuta ghafula, kilimi huzuia kigoma kisizunguke kupita kiasi, na mshipi usije ukajifunga mafundo. Rili isiyo na kilimi humpotezea mvuvi samaki wake.

Jirani mmoja alipoiona rili alishauri igongwe kidogo kwa nyundo, ifunguke. Ushauri huo ni wa hatari. Fremu za rili nyingi ni za alumini, madini yale yale ya sufuria, nayo hupinda kwa urahisi. Na fremu ikiisha kupinda, kigoma kitasugua upande mmoja daima. Karani alikataa nyundo, lakini naye hakuwa na subira ya kutosha. Usiku ule ule alichukua bisibisi ya jikoni, akakaza mkono, bisibisi ikateleza na kukwaruza kifuniko tangu katikati hata ukingoni. Kovu hilo lipo mpaka leo.

Kesho yake alianza upya kwa taratibu. Alitafuta bisibisi nyingine, akainoa kwa tupa mpaka ncha yake ikaenea barabara katika mfuo wa parafujo. Akaitia rili katika mafuta ya taa kwa siku mbili. Kisha akamimina maji ya moto juu ya fremu, si yenye kuchemka sana, kwa sababu alumini hutanuka kwa joto zaidi kuliko chuma. Kwa hiyo tundu hulegea kidogo na parafujo ya chuma hupata nafasi. Parafujo ya kwanza ikazunguka bila kelele. Wenye rili nyingine wakumbuke pia kwamba zipo parafujo zifungukazo kwa upande wa kinyume. Isiyotii upande mmoja ijaribiwe kwa upole upande wa pili kabla ya kutumia nguvu.

Kazi hii ifanywe juu ya kitambaa cheupe au ndani ya sinia. Rili za Hardy wa Alnwick ziitwazo Perfect, kwa mfano, zina vigololi vidogo vya chuma ndani, na mtu akizifungua juu ya nyasi atavitafuta mpaka jua litue. Karani alimpa kijana daftari achore kila kipande kilivyokaa kabla ya kutolewa, na kila parafujo ikapata kiberiti chake chenye namba.

Majivu na Magadi

Mama wa nyumba, kwa kutaka kusaidia, alileta majivu. "Baba watoto," alisema, "haya ndiyo yanayong'arisha sufuria zangu." Ni kweli yanang'arisha, lakini yanang'arisha kwa kula. Majivu na magadi hula alumini, na majivu pia hukwaruza. Sufuria nene huvumilia hayo kwa miaka. Meno madogo ya rili hayawezi. Kinachofaa ni sabuni ya kawaida, maji ya vuguvugu na mswaki mkuukuu. Kutu ya kijani iliyo juu ya shaba huondoka kwa kitambaa chenye siki kidogo, kisha ioshwe mara moja kwa maji safi.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hukosea. Rangi nyeusi au ya kahawia iliyo juu ya rili za zamani si uchafu. Ilitiwa kiwandani kwa makusudi, ili mng'ao usiwashtue samaki. Mtu akiisugua mpaka shaba iwake kama dhahabu, hudhani ameongeza thamani, kumbe amepunguza. Wanunuzi wa vitu vya kale hulipa zaidi kwa rili yenye rangi yake ya kwanza, hata kama imechakaa.

Kwa Fundi Saa

Rili ilipofunguliwa yote ilionekana kwamba springi ya kilimi imekatika vipande viwili. Kuagiza nyingine kutoka ng'ambo kungalimaliza lile debe la mahindi na madebe mengine juu yake. Karani akaichukua kwa mzee mmoja fundi saa, ambaye kibanda chake kilikuwa karibu na kituo cha basi.

"Hii ni saa ya namna gani, mwanangu?" aliuliza mzee.

"Si saa, Mzee. Ni rili ya marehemu baba."

Mzee aliigeuza, akaitazama kwa kioo chake cha jichoni, kisha akafungua mkebe wa saa mbovu za mezani. Alikata kipande cha kamani, akakipasha moto mahali pa kupinda tu. Kwa maana kamani ikipindwa baridi hukatika, na ikipashwa moto yote hupoteza nguvu. Ya kwanza ilikuwa ngumu mno, kigoma hakikuzunguka ila kwa kulazimishwa. Ya pili aliinyoosha na kuipunguza kwa jiwe la kunolea, akaitia, akazungusha kigoma kwa kidole. "Krrr," ikasema rili. Karani hakuweza kunena neno kwa muda, maana hakuisikia sauti hiyo tangu baba yake alipokuwa hai.

Mzee alidai fedha zilizokuwa karibu nusu ya akiba yote, na karani alilipa bila kubishana. Katika kazi ya bei ndogo ndiyo kanuni: mtu aokoe fedha mahali ambapo mikono yake yaweza, ili awe nazo mahali ambapo haiwezi.

Kishikio cha mkono kilikuwa kimepasuka. Hicho hakikugharimu kitu. Karani alipewa kipande cha pembe ya ng'ombe machinjioni, akakiloweka katika maji ya moto kikalainika, akakichonga kwa tupa jioni tatu.

Mafuta na Mshipi

Mafuta yanayofaa mhimili ni mafuta ya cherehani, matone mawili tu, na juu ya meno ipakwe grisi kiasi cha punje ya mtama. Mafuta ya kupikia yasitumiwe kamwe. Hugeuka kuwa gundi baada ya miezi michache. Wala grisi nyingi si hisani, kwa kuwa hushika mchanga wa mtoni, na mchanga ukichanganyika na grisi huwa tupa.

Mshipi wa zamani ulikuwa wa hariri. Mishipi ya hariri ilihitaji kuanikwa kila baada ya kuvua, na huu uliwekwa na unyevu wake. Ulipovutwa ulikatika kama uzi wa buibui. Mshipi mpya ulipita uwezo wa karani. Alinunua uliokwisha kutumika kutoka kwa mtu aongozaye wavuvi, akaukagua hatua kwa hatua kati ya vidole, akakata sehemu iliyopasuka, na uliobaki ukatosha.

Jumamosi moja asubuhi baba na mwana walishuka Thego na fimbo ya mzee. Karani alirusha mara nyingi bila kupata kitu, kisha akampa kijana. Baada ya saa moja samaki akashika, akakimbilia chini ya mto, na rili ikalia kwa sauti ndefu, kigoma kikizunguka kwa utaratibu wala mshipi usijifunge. Kijana alisahau kila alichofundishwa, akasimama tu akisikiliza. Samaki akaruka juu ya maji, akaitema ndoana, akaenda zake.

Jioni ile rili ilioshwa kwa maji safi, ikafutwa, na mshipi ukaanikwa barazani usiku kucha, jinsi ipasavyo kila mara. Karani akafunga hesabu katika daftari. Yaliyolipwa ni mafuta ya taa, mafuta ya cherehani, kazi ya fundi saa na mshipi. Ya bure ni sabuni, siki, pembe na subira. Katika bei ya debe moja la mahindi kilibaki kiasi cha vibaba viwili, akamrudishia mkewe. Chini ya hesabu kijana alikuwa ameandika swali moja kwa kalamu ya risasi: "Tutarudi Jumamosi gani?"