Daftari la Wiki: Vitabu vya Masika

Watu wakijua kwamba unaandika gazetini wanakuomba vitu viwili: mchango wa harusi na orodha ya vitabu. Mchango natoa. Orodha inanishinda, maana riwaya inayomkesheza mwalimu mstaafu wa Rau Madukani inaweza kumlaza usingizi kijana wa bodaboda aliyeegesha hatua chache kutoka mlangoni kwake. Basi masika haya, mlima umejifunika na njia za ndani ni tope tupu, nimeamua kumjibu kila mtu kivyake.

*

Jirani yangu, mama wa makamo, anazungushwa na kaka zake juu ya kihamba cha marehemu baba yao. Aliomba hadithi ya kumwondolea mawazo. Nikampa ya kumrudisha mle mle: Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1976. Rehema ni binti wa tajiri wa mashamba, anateswa katika nyumba ya baba yake mwenyewe, anatoroka, anaokotwa na wanawake wa mjini, hatimaye anaolewa na Sulubu, mtu wa jembe. Wawili hao wanalifufua shamba lililokuwa la baba. Mzee anafariki, na wenye kudai wanajitokeza. Aliyewahi kukalishwa kikao cha ukoo migombani, akasikia mjomba akianza na maneno matamu kuhusu umoja wa familia, ataijua sauti hiyo kabla hajafika katikati ya kitabu.

Mwaka 1990, miaka 14 baada ya riwaya hiyo, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza aliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Alisema mila inayomkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, huku ikimruhusu mwanamume, haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Ni hukumu ya kujivunia, nami nimemtajia jirani. Ila hukumu haina nafasi ya kueleza jinsi mtu anavyoipenda ardhi aliyoifyeka kwa mikono yake, na jinsi mapenzi hayo yanavyomfanya awe hatari. Kwa hilo inabidi umsome Mohamed. Kitabu kimerudi juzi na doa la chai kwenye jalada. Alichoniuliza ni kama mwandishi ana kingine. Anacho: Kiu, cha 1972.

*

Kwenye daladala ya kwenda mjini usifungue Nagona. Kezilahabi aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991) kwa mtu aliyekaa peke yake, mlango umefungwa, simu imezimwa. Ni vitabu vyembamba vinavyokula jioni nyingi. Kwa daladala chukua Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilichapishwa 1960, na mpaka leo mpelelezi huyo mwenye kiko ananifanya nipitilize kituo. Wanaotaka risasi na ndege za usiku wana Willy Gamba wa Elvis Musiba. Waanze na Kufa na Kupona ya 1974. Wasomi fulani waliwahi kuviita vitabu vya namna hii takataka. Wazee wa hapa waliojifunza kupenda kusoma kwa Musiba hawakupata taarifa hiyo.

*

Mpwa wangu yuko kidato cha tano na anaichukia Vuta N'kuvute. Nilipomhoji nikakuta anaijua yote: dhamira, wahusika na sifa zao, matumizi ya tamathali, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Kila kitu kimepangwa kwenye kaunta buku kwa kalamu ya rangi mbili. Kitu kimoja hajawahi kukifanya, nacho ni kumsikitikia Yasmin.

"Mjomba, kwenye mtihani hawaulizi kama umesikitika," akaniambia.

Kweli, hawaulizi. Lakini Adam Shafi hakumwandikia msahihishaji. Alimwandikia yeyote anayeweza kumwona msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa, akikimbia ndoa hiyo, akafungiwa milango na ndugu zake, akapokewa na Mwajuma ambaye hana kitu ila ana nyumba iliyo wazi. Siasa za Denge na makachero wa Mwingereza zinakuja baadaye na zinanoga, lakini mlango wa kuingilia ni ule wa Mwajuma. Nimemshauri mpwa aiweke kaunta buku chini ya godoro, asome sura za mwanzo tu kama mtu anayesikiliza umbea. Kama bado haimwingii, aitazame filamu ya Amil Shivji ya 2021, halafu arudi kugombana nayo kwa yale iliyoyaacha.

Na akimaliza mitihani nitampa Haini, ambayo kwangu ndiyo kazi kali kuliko zote za Shafi. Kuli (1979) naipenda kwa harufu yake ya bandari na kwa Rashidi, anayerithi kazi iliyomuua baba yake na kuingia katika mgomo wa 1948. Lakini kuna mahali mwandishi anapanda jukwaani akahutubia. Kwenye Haini jukwaa halipo. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, watu wakazolewa, Shafi mwenyewe akiwa miongoni mwao, na riwaya aliyoitoa 2003 inakukalisha ndani ya selo na Hamza bila kukwambia ufikiri nini.

*

Mtu anayepita Holili kwenda gulioni Taveta anabadilisha fedha, anabadilisha laini ya simu, na bila kujua anabadilisha maktaba. Upande wetu, ukimtaja Takadini, kila aliyefika kidato cha nne atakwambia habari za mtoto zeru na mama yake Sekai waliokimbia kijiji. Ng'ambo ya kizuizi wengi hawamjui. Wao watakutajia Mago wa Madongoporomoka, nawe utabaki unakodoa macho. Lugha ni moja, mlima ni mmoja, mihtasari ya shule ndiyo imetugawa.

Kwa hiyo atakayevuka aniletee Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Nilichokuwa nacho kimeshachanika. Hadithi iliyobeba jina ni ya Said Ahmed Mohamed: jitu linaingia kwenye mkahawa wa wanyonge, linakula chakula chote kilichopikwa, linaondoka likiahidi kurudi. Kitakachorudi nalo sikisemi. Someni, kisha mwende sokoni Mbuyuni kula kwa mama ntilie, mwone kama hamtageuka kutazama nyuma. Mkusanyiko mwingine wa ng'ambo ni Damu Nyeusi (2007), uliohaririwa na Ken Walibora pamoja na huyo huyo Said. Humo mtamkuta baba wa Bwana Msa akiwa hana maiti wala kiko, ila mume anayejisifu na mke anayemshinda, kwenye "Mke Wangu".

Walibora tumempoteza Aprili 2020. Siku Njema yake ya 1996 inafuata kijana wa Tanga anayeingia Kenya kumtafuta baba. Waliosoma Kenya wameichoka kwa kukaririshwa, na sisi ambao hatukukaririshwa tuna bahati hiyo.

*

Hemingway, 1936: mwandishi Harry amelala porini, mguu unaoza, mlima wetu unang'aa kwa mbali. Mtumishi anaitwa Molo na kazi yake ni kuitwa alete wiski. Hadithi ni nzuri, sikatai. Lakini ukiitafuta migomba, mifereji ya maji na watu milioni wanaoamka kwenye miteremko hii, hutavipata.

Peponi ya Abdulrazak Gurnah ni habari nyingine. Ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka mmoja baada ya Nobeli yake, yaani 2022, Mkuki na Nyota wakaitoa kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaachwa kwa muda katika mji mdogo chini ya mlima wenye theluji, dukani kwa Hamid. Gurnah hakuubatiza mji huo jina la Moshi, na wasomaji wa Rau wako huru kufanya hivyo kwa niaba yake. Mtu wangu humo ni Kalasinga, fundi magari anayetaka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ingawa Kiarabu hakijui. Mabishano yake na Hamid ni ya barazani hasa, na Kiswahili kinamkaa kama nguo aliyoshonewa tangu mwanzo.

Hata hivyo Gurnah anautazama mlima akiwa dukani kwa watu wa pwani. Riwaya ya Kiswahili itakayoutazama kutoka juu sijakutana nayo. Malighafi ipo: Mangi Meli alinyongwa Old Moshi mwezi Machi 1900 na fuvu lake linatafutwa hadi leo, wakulima wa kahawa wakaanzisha chama chao 1925, kikawa KNCU mwaka 1933. Meku mmoja wa hapa anasimulia mabishano ya bei ya kahawa kwa namna ambayo Musiba angeonea wivu. Vijana wenye kalamu wamfuate kabla hajachoka kusimulia.

*

Kwa wazazi wanaoandaa masanduku ya bweni: Rosa Mistika. Ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku shuleni kwa kusema waziwazi mambo ya wasichana na wanaume, na baadaye ikaja kufundishwa. Wanaodhani kitabu kinamlaumu Rosa hawakumwangalia Zakaria, baba mlevi anayempiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana na kudhani amemlea. Kisomeni ninyi kwanza, hasa akina baba. Kisha Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), ambamo Bwana Maksuudi anamfungia Maimuna ndani kwa heshima zote.

*

Maktaba ya mkoa iko mjini na huhitaji kununua kitu kuketi humo mvua ikinyesha. Vitabu vyangu pia vinaazimwa. Ila yule aliyepanda basi la Dar baada ya Krismasi na Asali Chungu yangu, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa ni shemeji, akiikabidhi ofisi ya basi kule Dar mimi nitalipia mzigo huku Moshi. Jirani wa kihamba ameshaiulizia.