Amana ya Mpangaji na Lugha ya Mkataba: Mfano wa Kitengela

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, wakahimiza mtu afungue aingie ndani. Huko Kitengela methali hii ina maana mbili. Ya kwanza ni ile inayofunzwa darasani. Ya pili humdhihirikia mpangaji aliyechelewesha kodi, anaporudi jioni kutoka kazini na kukuta mlango wenyewe umeng'olewa.

Mji huu wa Kaunti ya Kajiado, ulio takriban kilomita 30 kusini mwa Nairobi, ulikuwa na zaidi ya watu 150,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019. Pale palipokuwa malisho ya Wamaasai, kabla ya ranchi ya pamoja kugawanywa mwaka 1988, sasa pameota maghorofa. Wanaoyajaza ni wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, wanafunzi, na wale wanaochuma Nairobi ila hawaimudu kodi ya huko. Yupo pia mgeni wa siku chache aliyefuata kongamano katika jumba la KICC au mechi katika uwanja wa Nyayo au Kasarani, ambaye huona heri alale Kitengela kwa bei nafuu, kisha adamke kupanda matatu.

Wote hao, wa mwaka na wa wiki, hukutana na keateka mwenye kitita cha funguo. Mazungumzo yote huendeshwa kwa Kiswahili: maji hutoka siku gani, stima ni ya tokeni au la, taka huzolewa na nani. Yakishaisha, hutolewa karatasi ya Kiingereza, yenye vifungu ambavyo keateka mwenyewe hawezi kuvifafanua, na mpangaji huonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Anatia. Pesa zake zimekwisha kutumwa kwa simu, na godoro limo njiani juu ya mkokoteni.

Tatizo hujitokeza siku ya kuhama. Fedha alizoweka awali, ambazo kila mtu mjini huziita depositi, huwa zimegeuka rangi ya ukuta, kitasa na bomba. Hapa ndipo uteuzi wa msamiati unapokuwa suala la haki. Kiswahili kina neno amana, na kila mzawa wa lugha hii ajua kwamba amana ni mali ya aliyeiweka. Aliyeipokea ni mtunzaji tu. Depositi haina mizizi hiyo masikioni mwa mpangaji. Huisikia kama ada ya kuingilia, na kwa hivyo hata kuidai huona haya. Laiti mkataba ungesema kwamba mwenye nyumba ameshika amana, na kwamba uchakavu wa kawaida haukatwi humo, mabishano mengi yangekufa mlangoni.

Sheria haimsaidii sana. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, hulinda makao ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho nyumba ya ghorofa yenye choo ndani ilikiacha nyuma zamani. Maadamu mpangaji yuko nje ya ua huo, ngao yake ni karatasi ile ile asiyoielewa.

Wapo watakaodai kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya mahakama na kwamba Kiswahili hakina istilahi. Dai la kwanza linasahau Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010, kilichokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawia na Kiingereza. La pili ni uvivu. Mpangaji, mpangishaji, ilani, malimbikizo na dhamana ni maneno yaliyomo kamusini. Kodi, ni kweli, hubeba maana ya ushuru wa serikali pia, lakini hakuna aliyewahi kumlipa mwenye nyumba ushuru kwa kukanganyikiwa. Tanzania, mikataba ya upangaji huandikwa kwa Kiswahili kila siku, ingawa huko nako mpangaji ana kilio chake: kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja kwa dalali.

Mwaka 2027, Kenya, Uganda na Tanzania zinatarajiwa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Shabiki atakayetoka Arusha kwa barabara kupitia Namanga ataupita mji wa Kajiado, kisha Kitengela, kabla hajaiona Nairobi. Itakuwa ajabu akilazimika kutafuta mkalimani wa kumsomea mkataba wa chumba.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vimeandaa makongamano mengi kuhusu usanifishaji. Kuandaa mkataba wa ukurasa mmoja ni kazi ya alasiri moja kwa wanafunzi watano na wakili mmoja. Utaje kiasi cha amana, siku za kuirejesha, muda wa ilani, na hali ya kila chumba siku ya kuingia, kisha upigwe chapa na kupelekewa makeateka wa Kitengela, ghorofa kwa ghorofa.