Ulimi wa Kiongozi wa Watumwa

Visiwa vyetu vimebeba jina la watu ambao ushairi wetu umewanyamazia. Zanzibar ni pwani ya Wazanji, na jambo hilo si geni kwa msomaji wa kurasa hizi. Lakini Wazanji walioitikisa dola ya Bani Abbas kwa miaka 14, tangu mwaka 869 hadi 883, tumewaachia waandishi wa Baghdad wawasimulie, nao walikuwa upande wa waliowashinda. Nathubutu kusema kuwa kimya hiki ni aibu ya malenga, na deni lake halina mlipaji mwingine.

Nikumbushe kwa ufupi. Katika ardhi ya chumvi karibu na Basra, kusini mwa Iraki, makundi makubwa ya watumwa yalikuwa yakikwangua gamba la chumvi juu ya udongo ili mabwana wapate mashamba. Posho yao ilikuwa unga na tende. Akawatokea Ali bin Muhammad, mtu huru, ambaye kabla ya hapo alijipatia riziki kwa ualimu na kwa kutunga mashairi. Naam, mwenzetu huyo. Katika bendera yake alitia aya ya Sura ya Tawba inayotaja Mwenyezi Mungu kuzinunua nafsi za waumini. Maneno mazito kwa mtu ambaye binadamu mwenziwe amekwisha mnunua sokoni. Mwaka 871 wafuasi wake waliingia Basra kwa upanga. Walijenga mji wao, al-Mukhtara, wakapiga hata sarafu. Al-Muwaffaq, nduguye khalifa, ilimbidi ajenge mji wa pili mkabala na ule ili auzingire mpaka uanguke. Ali aliuawa mwaka 883 na kichwa chake kikatembezwa Baghdad.

Haya tunayajua zaidi kwa kalamu ya al-Tabari, aliyeishi zama hizohizo, na ambaye humwita Ali khabithi na adui wa Mungu. Basi ulimi wa kiongozi yule umo katika kinywa cha hasimu wake hadi leo.

Nikilisema hili barazani huletewa hoja mbili. Ya kwanza: ati Wazanji wale huenda hawakutoka kwetu. Ni kweli wataalamu wanabishana juu ya asili yao, na juu ya idadi ya watumwa miongoni mwa waasi. Lakini Mwengo bin Athman alipoutunga Utendi wa Tambuka huko Pate, mwaka 1728, nani alimdai athibitishe kuwa Herkal wa Roma alikuwa na ukoo Pate? Tumeimba vita vya Sham na vya Uarabuni bila kuomba vyeti vya kuzaliwa. Mbona vyeti vinadaiwa anapotajwa mtumwa?

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba kuyasema ya utumwa ni kufukua makaburi na kutonesha vidonda vya visiwani. Hofu hiyo naielewa, lakini siikubali. Mimi naandika kutoka Ilemela, kando ya ziwa, katika bara ambalo watu wake walishuka pwani kwa njia za misafara, wengine wapagazi wa ujira, wengine na kongwa shingoni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa ukaondolewa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Tangu hapo tumepata muda wa kutosha wa kukijaribu kimya kama dawa. Hakikuponya. Katika ugomvi mdogo tu wa mtaani bado husikika mtu akitukanwa kwa kuitwa mtumwa, na aliyemwuza babu yake hatajwi.

Tena kimya cha malenga hakimzuii kijana kutafuta shujaa. Nendeni katika vibanda vya video vya huku Kirumba, jirani na mwalo wa dagaa. Mvulana aliyeshinda akibeba magunia atawasimulia habari za Kaisari, yaani Caesar, sokwe wa filamu za Marekani anayewaongoza nyani watumwa kuwaasi binadamu katika dunia ya kubuni ya kesho. Simlaumu mvulana huyo. Ameitambua haki pale alipoonyeshwa. Lakini sokwe huyo naye ana mkasa wa ulimi. Katika filamu ya mwaka 1972 alikuwa amalize kwa hotuba ya kisasi. Watazamaji wa majaribio walipotishika, watengenezaji walimbandikia maneno mapya ya huruma juu ya picha zilizokwisha pigwa. Mimi nimeishi kwa kufasiri, na najua uzito wa tendo hilo. Kiongozi wa watumwa, awe wa Basra au wa sinema, husemeshwa na mwenye wino au mwenye mtambo: mmoja amfanye shetani, mwingine amfanye mpole ili tajiri alale usingizi.

Wapo basi vijana wetu wa kalamu watakaoruka kwa furaha na kusema: tumtunge upya, awe malaika! La hasha. Huo utakuwa ubandikaji wa tatu. Ali aliwaahidi watu wake mali na majumba, na akawaahidi pia kuwa watamiliki watumwa. Ahadi hiyo aliitimiza. Al-Masudi, mwandishi wa karne ya 10, anasimulia kuwa wanawake wa koo tukufu walinadiwa kambini kwa dirhamu chache, na kwamba mmoja wao alipomlilia Ali amwokoe na Mzanji aliyemmiliki, alijibiwa kuwa huyo ndiye bwana wake. Tuseme msimulizi alikuwa na chuki. Hata hivyo swali la mwanamke yule halifutiki, na utenzi usiomsikiliza haustahili wino:

Nawe ulofunguliwa
Na pingu ukavuliwa
Mbona mimi nimetiwa
Pingu hiyo mkononi?

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Tumezoea mashairi ya ukombozi yanayokoma siku mtumwa anapokalia kiti cha bwana, kana kwamba kiti chenyewe hakina kosa. Uasi wa Wazanji unatuonyesha kiti hicho kwa ukaribu wa kutisha. Ulikuwa wa haki kwa sababu mateso yale hayakuwa na haki. Na ulijeruhi haki hiyo kila ulipofungua mnada wake wenyewe. Mshairi anayeimba nusu ya kwanza peke yake ni mpambe. Anayeimba nusu ya pili peke yake ni wakili wa mabwana wa Basra.

Utenzi tunao kama chombo. Hemedi bin Abdallah aliuimbia vita vya Wadachi Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akauimbia Maji Maji. Ni chombo kinachobeba safari ndefu, maneno ya pande mbili na kilio cha aliyeshindwa. Kinachokosekana ni ujasiri wa kumpa sauti mkwangua chumvi, na baada yake mateka wa mkwangua chumvi, katika utenzi mmoja, bila kumbandikia yeyote kati yao maneno ya kutufurahisha sisi. Malenga wa visiwani, jina ni lenu. Sisi wa bara wengine wetu tuna mababu waliolilipia. Tuutunge pamoja.