Ndugu Akikudhulumu, Umpeleke kwa Kaisari?

Mwezi huu ninajibu swali moja tu, kwa sababu limenifikia mara nne kutoka kwa watu wasiojuana. Je, Mkristo aliyedhulumiwa fedha na Mkristo mwenzake anaruhusiwa kwenda kushtaki serikalini, au amwachie Mungu?

Asiyeishi ughaibuni anaweza kudhani hili ni swali la kujadili kwenye kipindi cha Biblia, kisha watu wanywe chai na kwenda nyumbani. Sivyo. Huku kwetu aliyekupokea uwanja wa ndege, aliyekuazima koti la baridi, aliyekuonyesha kanisa na aliyekutafutia kazi anaweza kuwa mtu mmoja. Ukikosana naye, umekosana na nusu ya watu unaowafahamu katika nchi nzima.

Nitaeleza kisa kimoja kwa ruhusa ya mwenyewe, bila majina wala mji. Dada mmoja wa ibada yetu ya Kiswahili alikuja mwaka 2023 kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee, ile ambayo wengi wetu tunaiita kea. Njia hiyo ilifunguliwa kwa wahudumu mnamo Februari 2022, na watu wengi wa kwetu waliipitia. Aliyemuunganisha na kampuni ni kaka anayesali pamoja nasi, mtu mcheshi na mtoaji mzuri. Dada alimlipa paundi elfu sita kwa ajili ya kutafutiwa kazi. Familia iliuza kiwanja, na kiasi kilichopungua mama yake alikikopa kwenye kikoba.

Aliahidiwa saa 39 kwa wiki. Alipofika akapewa 15, wiki nyingine 12. Muda anaotumia kwenye basi kutoka nyumba ya mzee mmoja hadi ya mwingine haukulipwa hata senti. Alipomuuliza kaka yule, akaambiwa avumilie, Mungu ana mpango. Alipokwenda kwa mzee mmoja wa kanisa, akafunguliwa Wakorintho wa Kwanza sura ya 6, pale Paulo anapowakemea waumini wanaoshtakiana mbele ya wasioamini. Akashauriwa aombe, asamehe, na asilitie kanisa aibu.

Nilimfahamu kwa sababu ya kazi yangu. Nilikuja hapa kusoma uhasibu, na sasa nimeajiriwa katika ofisi inayoandaa mishahara. Mtu akiniletea karatasi zake baada ya ibada, ninazisoma. Za dada huyu zilinikalia moyoni, maana hazikuhitaji mtaalamu. Mtoto wa darasa la saba angejumlisha saa kwenye ratiba ya zamu, akazilinganisha na slipu ya mshahara, na kuona kwamba hazikubaliani.

Nilikulia Dodoma, katika nyumba ya watu wa uamsho. Dhambi tulizofundishwa kuogopa zilikuwa pombe, uzinzi, uongo na waganga wa kienyeji. Ninashukuru kwa malezi yale na sina nia ya kuyabeza. Lakini sikumbuki kusikia mahubiri hata moja kuhusu mshahara wa msichana wa kazi aliyekuwa akituwekea viti na kutupikia chai ya wageni wa kanisa. Ni kazi hii ya mishahara iliyonifanya nianze kuisoma Biblia nikitafuta wafanyakazi ndani yake, na nimewakuta wamejaa. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile, jua lisitue kabla hajapata ujira wake, na inamtaja waziwazi mgeni anayeishi katika nchi ya watu. Isaya 58 inawaambia waliofunga kwamba saumu yao haifiki popote, kwa kuwa siku hiyo hiyo wanawakandamiza watumishi wao. Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa una kilio, na kilio hicho kinasikika kwa Mungu.

Sasa turudi kwa Paulo, maana ndiye aliyetumiwa kumnyamazisha dada.

Ukisoma Wakorintho wa Kwanza 6 yote badala ya mstari mmoja, utaona mambo mawili ambayo mzee wetu aliyaruka. La kwanza, Paulo anawauliza Wakorintho kama kweli hawana hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kesi kati ya ndugu na ndugu. Yaani hakuamuru kesi ifukiwe. Aliamuru isikilizwe, na wenye wajibu wa kuisikiliza ni kanisa. La pili, baada ya kusema ni heri kudhulumiwa kuliko kushtakiana, anawageukia wadhulumu na kuwaambia kwamba wanaowaibia ni ndugu zao wenyewe, kisha anaendelea na onyo kwamba wadhalimu hawataurithi ufalme wa Mungu. Onyo hilo halikusomwa kwa kaka yule. Alisomewa dada peke yake.

Na huyo huyo Paulo, alipopigwa na kufungwa Filipi bila hukumu, alikataa kutoka kimyakimya. Alitaka wakubwa wa mji waje wenyewe wamtoe, kwa kuwa alikuwa raia wa Rumi. Alipoona hatatendewa haki Kaisaria, alikata rufaa kwa Kaisari. Yamo katika Matendo ya Mitume, sura ya 16 na ya 25. Mtu aliyetumia haki zake za kisheria namna hiyo hawezi kugeuzwa kuwa askari wa kuwazuia wahudumu wa wazee wasiulizie malipo yao.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kanisa likitaka ndugu wasiende kwa Kaisari, ni lazima lenyewe liketi, lisikilize, na haki itendeke. Likikataa kusikiliza, halina mamlaka ya kumzuia mtu asiende kwingine.

Kuna waliosema kudai fedha si roho ya Kikristo, kwamba huo ni mtindo wa Wazungu. Hao ningependa wamsikilize bibi yangu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa jambo moja ambalo siku hizi hatulitaji. Mtu akiokoka, alirudisha vitu alivyoiba. Alilipa madeni. Bibi alikuwa akitusimulia juu ya watu waliotembea vijiji viwili kurudisha jembe au kuku, wakiwa na haya lakini wakiimba. Walikuwa wamejifunza kwa Zakayo, ambaye hakutosheka kukiri mbele ya Yesu, bali alitamka kiasi: mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Toba yenye hesabu si mtindo wa kigeni. Ni urithi wetu, wa wazee wetu wenyewe.

Katika kisa cha dada tulifuata Mathayo 18 hatua kwa hatua. Yeye alikwishamwendea kaka peke yake. Mara ya pili tulikwenda watatu, mimi na mama mmoja anayeheshimiwa na pande zote. Nilibeba karatasi mbili tu: ya kwanza ilionyesha fedha alizopokea na tarehe, ya pili saa zilizofanywa na saa zilizolipwa. Kaka alisema ada ile ilikuwa ya kawaida na kila mtu anatoza. Nikamwambia kwa heshima kwamba hapa Uingereza sheria ya mawakala wa ajira ya mwaka 1973 inakataza kumtoza mtu kwa kumtafutia kazi. Alinyamaza kidogo, akauliza kama tumekuja kumtisha. Yule mama akamjibu, "Mwanangu, tumekuja kabla ya wengine hawajaja."

Hatua ya tatu ilikuwa wazee wa kanisa, na safari hii mchungaji aliketi mwenyewe. Kaka alikubali kurudisha fedha kwa awamu. Hadi ninapoandika amerudisha nusu. Suala la saa ni la kampuni, si la kaka, kwa hiyo dada alipiga simu Acas, shirika linalotoa ushauri wa kazi bure, na ndipo penye mlango wa kwanza kwa yeyote anayetaka kufika mahakama ya kazi. Shauri hilo bado linaendelea.

Sitaki kulipamba jambo hili. Kaka ameacha kuja ibadani, na familia mbili zimemfuata. Dada naye halali vizuri. Mtu wa viza ya udhamini akimsema mwajiri wake na mwajiri akanyang'anywa leseni, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini. Tangu tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wapya hawaruhusiwi kuja na wenzi wao na watoto, na tangu tarehe 22 Julai 2025 kampuni haziruhusiwi tena kuajiri wahudumu kutoka nje ya nchi. Akirudi nyumbani, mlango aliopitia umefungwa nyuma yake. Kwa hiyo msimwite mwoga anayenyamaza. Amepiga hesabu zake, na mara nyingi ziko sahihi.

Hii ndiyo sababu ninasema jambo hili ni la kanisa zima. Mtu mmoja akisema peke yake, anabeba siku 60 peke yake. Akisema akiwa na watu nyuma yake, kuna wa kumtafutia mdhamini mwingine, wa kumpa chumba, wa kumlipia nauli ya kwenda kwa wakili. Kwetu tumeanza na kidogo. Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya chai, meza moja ni ya karatasi za kazi. Wanakuja pia majirani Waislamu, na hatumuulizi mtu dini yake kabla ya kusoma slipu yake.

Kwa wanaofanya kazi, na hasa wanafunzi wanaoshika zamu za jioni, shikeni mambo haya. Andika mwenyewe saa zako kila siku, kwenye daftari au simu, pamoja na muda wa safari kati ya mteja na mteja. Muda huo unahesabiwa katika kima cha chini cha mshahara, ingawa safari ya kutoka kwako kwenda kazini asubuhi haihesabiwi. Una haki ya kupewa slipu ya mshahara, na tangu Aprili 2019, kama malipo yako yanategemea saa, idadi ya saa lazima ionekane humo. Ukimlipa mtu fedha yoyote, tumia benki au dai risiti, hata kama ni ndugu wa kanisani. Na usikae na shauri mwaka mzima ukisubiri mambo yatulie, maana muda wa kulifikisha mahakama ya kazi ni wa miezi michache.

Kwa wazazi walioko nyumbani: mtoto akipiga simu na kusema kazi si ile aliyoahidiwa, msimkimbilie na neno "vumilia" kabla hamjamaliza kumsikiliza. Anajua kiwanja kiliuzwa. Mara nyingi ndiyo sababu amekaa kimya muda wote huo.

Nimeulizwa pia kuhusu msamaha. Dada amesamehe. Aliniambia hivyo wiki ile ile tuliyokwenda na mama kwa kaka, na ninamwamini, kwa kuwa anamwombea kaka yule kwa jina, nami nimemsikia. Lakini deni la kikoba lipo kwa jina la mama yake, na kina mama wale wengine nao wana watoto wa kusomesha. Kusamehe kwake hakuwezi kulipwa kwa fedha zao. Nusu iliyobaki bado inadaiwa, na tarehe ya awamu inayofuata imeandikwa kwenye kitabu cha kanisa, chini yake sahihi ya kaka mwenyewe.