Spika ya Kuundwa Shuleni: Tuchague kwa Hesabu, si kwa Wati

Sauti ni mada isiyokosekana katika masomo ya fizikia ya shule zetu za sekondari. Mwanafunzi hufundishwa kwamba sauti ni mtetemo, kwamba huhitaji kitu cha kupitia, na kwamba mwendo wake hewani ni kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Huyaandika hayo daftarini na kuyajibu katika mtihani, kisha hurudi nyumbani akaikuta sabufa ikivuma sebuleni, asijue kilichomo ndani yake. Hasara hiyo si ndogo. Taifa lenye vijana wanaojua jina la kila kitu lakini hawajawahi kukifungua kitu chochote, litaendelea kununua hata yale ambayo lingeweza kuyatengeneza.

Kwa sababu hiyo nimefurahi kuulizwa mara kadhaa na walimu wa Mbeya na Iringa swali hili: klabu ya sayansi ikitaka kuunda spika mbili ndogo, za kutosha kukaa juu ya rafu ya vitabu, ichague seti ipi ya vipande miongoni mwa zile ziuzwazo ng'ambo? Jibu langu ni fupi. Tuagize kile tu tusichoweza kukitengeneza, yaani spika zenyewe na vipande vya krosova, kifaa kinachogawa sauti nzito na nyembamba. Sanduku tulipigie hesabu na kuliunda wenyewe. Tena, seti isiyofuatana na karatasi ya vipimo isinunuliwe, hata bei yake iwe ya kuvutia namna gani.

Hila ya wati

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya spika kinachotembezwa kuliko vyote ni wati. Sanduku la plastiki huandikwa wati mia kadhaa kwa herufi kubwa, na mnunuzi huamini kwamba amenunua sauti. Ukweli ni kwamba wati zinazoandikwa juu ya spika, hata zikiwa za haki, hueleza kiasi cha umeme ambacho koili yake yaweza kustahimili kabla ya kuungua. Hazielezi hata kidogo spika itatoa sauti kubwa kiasi gani.

Kipimo cha kutazamwa ni desibeli zinazotolewa kwa wati 1, zikipimwa umbali wa mita 1. Tuchukue seti mbili, moja ya desibeli 84 na nyingine ya desibeli 90. Tofauti ya desibeli 6 yaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 zinazoongezeka zahitaji umeme maradufu. Kwa hiyo seti ya kwanza yataka wati 20 ili ifanye kazi ambayo ya pili huifanya kwa wati 5. Kwa shule inayotegemea betri ya volti 12 na paneli ya jua, hiyo ni tofauti kati ya spika itakayosikika kipindi kizima na spika itakayonyamaza katikati ya kipindi.

Hata hivyo maumbile hayatoi bure. Kuna mambo matatu ambayo kila mtu huyataka katika spika: sanduku dogo, sauti nzito ya chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Twaweza kupata mawili. La tatu hatuna budi kuliacha. Mfano mzuri ni spika ndogo iitwayo LS3/5A, iliyobuniwa na shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, katika miaka ya 1970 ili itumike katika magari ya matangazo. Sanduku lake lina urefu wa sentimita 30 tu, na usafi wa sauti yake bado unasifiwa hadi leo. Lakini kwa wati 1 hutoa kiasi cha desibeli 83 tu. Waliolibuni walijua wanalitoa nini ili wapate nini.

Shule nayo iamue vivyo hivyo. Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia kwenye mitetemo 100 hivi kwa sekunde, yaani hezi 100, na ya mwanamke kwenye hezi 200 hivi. Darasa linalotaka kusikiliza mazungumzo, kipindi cha redio au kwaya ya shule halihitaji mngurumo wa hezi 30. Ushauri wangu ni kuuacha mngurumo huo, tubaki na sanduku dogo na sauti ya kutosha.

Namba tatu za msingi

Zamani fundi wa spika alibahatisha. Alitengeneza sanduku, akasikiliza, akalibomoa, akaanza tena. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku dogo yaweza kufanya kazi ya springi, ikairudisha karatasi ya spika mahali pake. Kisha Neville Thiele, mwaka 1961, na Richard Small, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wote wakiwa Australia, waliligeuza jambo lote kuwa hesabu. Tangu hapo spika yoyote ya heshima huja na namba tatu za msingi.

Ya kwanza, Fs, ni masafa ambayo karatasi ya spika hupenda kutetema ikiwa nje ya sanduku. Ya pili, Vas, ni ujazo wa hewa ambao ulaini wake kama springi ni sawa na ulaini wa kishikizo cha karatasi hiyo. Ya tatu, Qts, hueleza jinsi mtetemo unavyotulizwa upesi au polepole. Ukizijua namba hizo, sanduku huamuliwa kwa kalamu kabla msumeno haujaguswa. Kwa sanduku lililofungwa pande zote, masafa mapya ni Fs mara kipeuo cha pili cha jumla ya 1 na Vas iliyogawanywa kwa ujazo wa sanduku.

Tufanye mfano. Spika ina Fs ya hezi 50, Vas ya lita 20 na Qts ya 0.4. Sanduku lenye nafasi ya ndani ya sentimita 34 kwa 20 kwa 15 lina ujazo wa lita 10 hivi. Ishirini kwa kumi ni 2. Ongeza 1, upate 3. Kipeuo chake ni 1.73, mara 50 ni hezi 87. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aiweza hesabu hiyo bila taabu.

Hewa ya Mbeya si hewa ya pwani

Hapa ndipo ilipo sababu yangu kubwa ya kutaka sanduku lipigiwe hesabu kwetu, wala lisije limekatwa tayari. Namba za kwenye karatasi aghalabu huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, ambako kanieneo, yaani nguvu ya hewa kwa kila eneo, ni kiasi cha milibari 1013. Mji wa Mbeya uko mita 1700 hivi juu ya bahari, na huko kanieneo ni karibu milibari 830. Iringa, iliyo kwenye mita 1550 hivi, haiko mbali na hapo.

Ugumu wa springi ya hewa hufuata kanieneo. Kwa hiyo hewa ya sanduku lililofungwa Mbeya ni laini zaidi kwa karibu asilimia 18 kuliko hewa ya sanduku lilo hilo Dar es Salaam. Ni sawasawa na kusema kwamba sanduku la lita 10, likipandishwa Mbeya, huwa na tabia ya sanduku la lita 12. Rudia hesabu yetu: badala ya 2 tunapata 1.64, na masafa yanashuka kutoka hezi 87 hadi hezi 81. Kwa upande mwingine, hewa iliyo nyepesi huchukua sauti pungufu kutoka kwenye karatasi, na hasara yake ni karibu desibeli 1.5.

Msomaji asidhani kwamba spika ya ng'ambo itaharibika Nyanda za Juu Kusini. La hasha, tofauti hizo ni ndogo, na masikio mengi hayatazitambua. Lakini zinapimika. Seti iliyokatwa tayari huleta jibu la mtu mwingine kwa swali la mahali pengine. Mwanafunzi anayejua kwamba mlima wake umeingia katika hesabu ameanza kuielewa fizikia.

Mbao tunazo

Sehemu nzito ya seti yoyote ni sanduku, na uzito ndio unaoongeza gharama ya kusafirisha. Itakuwa ajabu kuagiza mbao kutoka ng'ambo, tuzipitishe Mafinga, penye viwanda vya mbao na plaiwudi, kando ya misindano ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya serikali ya miti ya kupandwa hapa nchini, tuzifikishe Mbeya, kisha tuseme tumejifunza ufundi.

Plaiwudi ya milimita 18 yafaa. Bao moja la futi 8 kwa 4 hutosha masanduku sita hivi ya ukubwa tulioutaja. Ubao mtupu wa msindano, hasa uliokatwa karibuni, haufai: wakati wa masika huvimba, na kipupwe kikavu cha Juni hadi Agosti kikija hunywea, viungo vikaachia na hewa ikavuja. Sanduku la namna hii likivuja, springi haipo tena. Viungo vyote vipakwe gundi, na ndani pawekwe pamba au sufi ili kutuliza mwangwi.

Kwa kazi ya kwanza nashauri sanduku lililofungwa, si lile lenye tundu la kupumulia. Lenye tundu huweza kutoa sauti nzito zaidi, lakini halisamehe kosa la kipimo. Pia ichaguliwe seti ya omu 8, kwa kuwa amplifaya nyingi huistahimili bila kupata joto kupita kiasi. Wanafunzi watumie amplifaya ya volti 12, wakae mbali na umeme wa nyumbani.

Hoja za wanaopinga

Wako watakaosema kwamba sokoni kuna spika ndogo za kuunganishwa na simu, za bei nafuu kuliko seti yoyote, hivyo kazi hii ni kupoteza fedha. Ni kweli kwamba anayetaka muziki tu ataupata sokoni. Lakini shule hainunui muziki. Maabara hainunui asidi kwa sababu ni rahisi kuliko soda. Huinunua kwa ajili ya somo lililomo. Spika moja ina sumaku, mkondo wa umeme, springi, mawimbi, kanuni ya Boyle na useremala. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo chenye mada nyingi namna hiyo.

Wengine watasema walimu hawana muda. Hoja hii ni nzito zaidi, nami siidharau. Hata hivyo shule za ufundi kama Ifunda na Iyunga zina mila ya karakana. Mkwawa mjini Iringa huandaa walimu wa sayansi. Na Mbeya kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Sekondari ya kata isiyo na msumeno yaweza kukatiwa mbao na seremala wa jirani, kwa vipimo ambavyo wanafunzi wenyewe wamevipata. Kukata si lazima kuwe kwao. Hesabu lazima iwe yao.

Jaribio la kufanywa

Nahitimisha kwa pendekezo. Klabu moja ya Mbeya iunde sanduku lake, kisha ipime kwa vifaa vichache: simu ya mwalimu yenye programu ya kutoa mlio wa masafa yanayojulikana, amplifaya, rezista ya omu 100 na voltimita ya umeme geu. Rezista iungwe kwa mfululizo na spika, na voltimita ipime kwenye ncha za spika. Masafa yapandishwe polepole kutoka hezi 30 hadi 200. Pale volti zinapofika kilele ndipo masafa ya spika yalipo. Ipimwe kwanza nje ya sanduku, kisha ndani.

Halafu kifaa hicho hicho kiteremshwe kwa basi kupitia Tukuyu hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi tu juu ya bahari, kipimwe tena. Kwa spika ya mfano wetu, hesabu yasema hezi 81 zitakuwa karibu hezi 85. Joto la Kyela nalo laweza kulainisha kishikizo cha karatasi, ndiyo maana kipimo cha nje ya sanduku hakina budi kurudiwa huko huko.

Je, hesabu itakubaliana na kipimo? Wanafunzi wasiniulize mimi, wala wasimuulize muuza seti. Safari ni ya siku moja, na jibu litatoka katika sanduku walilolitengeneza kwa mikono yao.