Kirusi Kinaghushi Sahihi, Sisi Tunafundisha Kwamba Kinavunja Mlango

Wanachuo wenzangu wa ualimu, tumerudi kutoka BTP na mafaili yamejaa sahihi za wasimamizi. Mimi nilipangiwa sekondari moja huko Muheza, karibu na kwa bibi yangu. Somo la virusi nililifundisha kidato cha pili vilevile nilivyofundishwa: kirusi kinaingia kwenye seli, kinazaliana, seli inapasuka. Andikeni. Kengele ikagonga. Alama nilipata nzuri tu.

Jioni ile nikamkuta bibi anachimba mihogo. Majani ya kijani, mti umesimama vizuri, lakini ukiukata muhogo wenyewe, ndani kahawia, mkavu kama kizibo. Bada haipikiki hapo. Akaniuliza, "Mume wangu, si wewe ndiye mwalimu wa bailojia? Mti mzima hivi, umeozaje?" Nikababaika. Kama seli zinapasuka tu, mti ule ulikuwa unasimama na nini?

Ugonjwa ule ni michirizi kahawia. Kinachoniuma ni kwamba uliandikwa kwa mara ya kwanza wilayani kwetu, katika kituo cha utafiti cha Amani, na H. H. Storey mwaka 1936. Batobato nayo iliripotiwa kutoka Usambara hiihii mwaka 1894. Yaani mtoto wa Muheza anakariri virusi vya mbali huku viwili vilivyoanzia kuandikwa kwao anavikanyaga akienda shule.

Tuichukue batobato, kwa sababu majani yake yaliyojikunja kila mtu anayajua. Kirusi chake ni duara mbili za DNA, kila moja ina herufi kama 2,800 tu. Hakina hata mashine ya kunakili DNA yake. Kinategemea ya muhogo, na hapo kuna shida: seli ya jani lililokomaa imeshaacha kunakili DNA. Imejifunga breki. Breki hiyo ni protini inayoishika protini nyingine, E2F, isiwashe jeni za kunakili. Mmea ukitaka seli igawanyike, hutuma taarifa, breki ikaachia. Kirusi hakisubiri taarifa. Kinatengeneza protini iitwayo Rep, inaing'ang'ania ile breki, E2F inachomoka, na seli inaamini imepewa amri ya kukua. Mashine zinawaka, kirusi kinanakiliwa.

Hajavunjiwa mtu mlango hapo. Ni kama karani aliyeghushi sahihi ya mkuu wa shule, na walimu wote wakatii.

Na king'ora je? Mmea unao: hukata vipande vidogo vya RNA ya mvamizi na kuvitumia kama picha ya mhalifu, ili kila nakala yake isakwe na kukatwakatwa. Kirusi kinatengeneza protini nyingine za kuzikamata picha hizo au kuzuia zisitengenezwe. Virusi viwili vya batobato vikikutana kwenye mti mmoja, kila kimoja kinaharibu king'ora mahali pake, na mti unadumaa kabisa. Uganda miaka ya 1990 walilia kwa sababu ya mchanganyiko wa namna hiyo.

Nikarudi darasani na jani la muhogo mkononi, nikaeleza hivyo, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili. (Najua sera. Lakini kusema kweli, kwa Kiingereza peke yake nilikuwa nazungumza na madawati.) Nikaongeza kwamba kirusi cha HPV nacho kina protini, E7, inayoishika breki ya namna ileile kwenye seli za mlango wa kizazi, na breki ikiachiwa miaka mingi saratani inaweza kuanza. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Sir, kwa hiyo tukila kisamvu tunapata kansa?" Darasa likacheka. Mimi nilifurahi, maana alikuwa ameelewa kiasi cha kuogopa kitu sahihi. Hapana, kirusi cha muhogo hakiwezi kuingia kwenye seli zetu. Ndipo akauliza kuhusu chanjo, ile iliyoanza kutolewa nchini 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na tangu 2024 kwa wa miaka 9 hadi 14. Mtaani kwao walimwambia inafunga uzazi. Tukaongea mpaka kipindi cha hesabu kikaanza.

Wenzangu watasema mtihani hauulizi E2F. Ni kweli, wala sitaki jina hilo likaririwe. Nataka breki ieleweke. Binti yule ataamua kuhusu sindano kabla hajaona cheti cha kidato cha nne, na bibi ataamua kuhusu pingili kabla ya mvua za masika. Idara yetu inatupa vipindi chungu nzima vya kuandika andalio la somo. Nakiomba kimoja tu tukafundishie shambani.

Bibi nilimweleza kwamba mti uliendelea kuishi kwa sababu kirusi kinamhitaji mwenye nyumba akiwa hai, na kwamba pingili zake zinakibeba hata majani yakipendeza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza aliyempa mbegu zile, jirani yake wa miaka yote, atamwambiaje.